Upinde wa Kwanza: Namna ya Kuuchagua Ukiwa Nairobi

Kununua upinde Nairobi si kama kununua viatu, ambapo unapita maduka matatu ukijaribu saizi hadi upate inayokukaa. Wengi huagiza kutoka nje, na wengine hununua wa mkono wa pili kwa mtu aliyeuchoka wake. Kwa hiyo vipimo vyako vyote vinapaswa kuwa mkononi kabla pesa hazijatoka. Upinde ukifika na ukawa mrefu kupita kiasi au mgumu kuvuta, kuurudisha ulikotoka ni kulipa nauli ya ndege mara ya pili.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Mtu akiruka hadi kwenye aina ya upinde kabla ya kujua jicho lake linalotawala na urefu wa mvuto wake (umbali anaouvuta upinde), karibu kila mara hununua kitu kisichomfaa.

Hatua ya 1: Jua utautumia wapi

Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaufanya kuwa kosa hata ukiwinda kwa ajili ya kitoweo. Mshale haukuondolei kosa. Anayekuambia kwamba upinde unaruhusiwa kwa sababu hauna risasi anakupeleka mahakamani.

Kinachobaki ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna kulenga shabaha uwanjani: mita 18 kwa karatasi ya sentimita 40 ndani ya ukumbi, na mita 70 kwa karatasi ya sentimita 122 nje, ambao ndio umbali wa Olimpiki. Wenye pinde za kompaundi, zile za magurudumu na nyaya, hulenga mita 50. Kuna pia ulengaji wa porini, ambapo unatembea kwenye njia yenye miti na miteremko ukilenga sanamu za wanyama za povu gumu, kwa umbali usiotajwa. Huo ndio unaokaribia uwindaji zaidi, na hakuna mnyama anayekufa.

Ukipanga siku moja kuwinda kihalali, nchi kama Namibia na Afrika Kusini huruhusu uwindaji wa upinde kwa vibali, na hudai upinde wenye nguvu ya kutosha. Hata hivyo upinde wako wa kwanza hautakuwa huo. Tutaeleza sababu katika hatua ya 4.

Kabla ya kununua chochote, tafuta klabu kupitia chama cha kitaifa, Kenya Archery Association, na ulenge kwa pinde za klabu angalau mara sita. Mwili hubadilika haraka katika wiki za mwanzo: urefu wa mvuto wa siku ya kwanza mara nyingi huongezeka kwa inchi nzima mgongo unapojifunza kufunguka. Ukipima siku ya kwanza na kununua siku ya pili, unanunulia mtu ambaye hatakuwepo baada ya mwezi.

Hatua ya 2: Tafuta jicho linalotawala

Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo hulifuata zaidi, na halilingani kila mara na mkono anaoandikia. Nyoosha mikono yote miwili mbele, funika kiganja kimoja juu ya kingine hadi kibaki kitundu kidogo cha pembetatu. Angalia kitu kilicho mbali, kwa mfano swichi ya taa upande wa pili wa chumba, kupitia kitundu hicho, macho yote yakiwa wazi. Sasa funga jicho la kushoto. Swichi ikibaki kwenye kitundu, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Ikipotea, ni la kushoto. Rudia mara tatu.

Anayetawaliwa na jicho la kulia hununua upinde wa mkono wa kulia, yaani unaoshikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa mkono wa kulia. Hapa ndipo wauzaji wa mkono wa pili na wanunuzi huchanganyana, kwa sababu mmoja anataja mkono unaoshika na mwingine mkono unaovuta. Omba picha ya upinde na uangalie dirisha lililochongwa kando ya kishikio, pale mshale unapokaa. Mwenye upinde wa mkono wa kulia akiushika tayari kulenga, dirisha huwa upande wake wa kushoto.

Ikiwa jicho na mkono havilingani, fuata jicho, hasa kwa mtoto au mtu asiyewahi kulenga. Mkono hujifunza upesi. Jicho halijifunzi.

Hatua ya 3: Pima urefu wa mvuto

Urefu wa mvuto ni umbali kutoka kwenye ugwe (kamba ya upinde) hadi kwenye kishikio unapokuwa umevuta kikamilifu. Ndio unaoamua urefu wa upinde, urefu wa mishale, na uzito halisi utakaokuwa ukivuta.

Simama mgongo ukigusa ukuta, nyoosha mikono kando kama msalaba, viganja vikitazama mbele. Usijinyooshe kupita kawaida yako. Mwenzako aweke alama ukutani kwenye ncha ya kila kidole cha kati, kisha apime kwa utepe wa fundi cherehani. Gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 170 anapata 68, sawa na inchi 26.8. Mwenye sentimita 183 anapata karibu inchi 28.8.

Hesabu hiyo ni makadirio mazuri tu. Kipimo cha kweli hupatikana klabuni: vuta upinde mwepesi wenye mshale mrefu hadi mkono ufike chini ya kidevu, na mtu mwingine aweke alama kwenye mshale pale unapopita mbele ya kishikio. Fanya hivyo mara tano, ukiwa umepata joto, uchukue wastani.

Hatua ya 4: Chagua uzito mdogo

Hapa ndipo pinde nyingi za kwanza huharibika mikononi mwa wenyewe, na ndiyo maana tunakaa hapa muda mrefu.

Uzito wa upinde, yaani nguvu ya kuuvuta, huandikwa kwa pauni, ukipimwa kwenye mvuto wa inchi 28. Alama ya 30# @ 28" inamaanisha kwamba mtu anayevuta inchi 28 anashikilia pauni 30. Kila inchi moja chini au juu ya hapo hupunguza au kuongeza takriban pauni 2. Yule wa inchi 26.8 akivuta upinde huo hushikilia kama 27 na nusu. Wa inchi 30 hushikilia 34. Upinde ni ule ule, kazi ni mbili tofauti.

Pauni hazizungumzi na mtu aliyezoea kilo. Pauni 20 ni kilo 9.1, 24 ni 10.9, 30 ni 13.6, 40 ni 18.1. Mtungi wa maji wa lita 20 ni pauni 44. Kijana mwenye nguvu hucheka akisikia pauni 24, kwa kuwa amebeba mitungi tangu utotoni. Lakini mtungi hubebwa na mkono ulionyooka na kiganja kizima. Upinde hushikiliwa na vidole vitatu, bega likiwa wazi, mwili ukiwa umetulia, na jicho likilenga kitu cha ukubwa wa kikombe.

Halafu kuna marudio. Mazoezi ya kawaida ni mishale 100. Kwa upinde wa pauni 26, hizo ni kilo 1,180 kwa jioni moja, sawa na magunia 13 ya mahindi ya kilo 90. Kwa pauni 40 ni magunia 20. Anayeanza na magunia 20 hapati mazoezi. Anapata jeraha la bega.

Viwango vinavyofaa kwa upinde wa rikavu (wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele), kwenye mvuto wa mtu mwenyewe:

- mtoto wa miaka 8 hadi 12: pauni 10 hadi 14
- kijana, au mtu mzima mwenye mwili mdogo: 16 hadi 20
- mtu mzima wa kawaida: 18 hadi 24
- mtu mzima mwenye mabega yaliyozoea kazi nzito: 24 hadi 28, wala si zaidi

Jaribio ni hili. Weka mshale, simama mbele ya shabaha, vuta hadi kidevuni, shikilia sekunde 15, kisha rudisha polepole bila kuachia. Pumzika nusu dakika. Rudia mara tano. Ukiweza zote tano mkono usitetemeke, uzito huo ni wako. Ukilazimika kuinua upinde kuelekea mbinguni ndipo uuvute, bega likipanda hadi sikioni, au kichwa kikiufuata ugwe badala ya ugwe kukifuata kichwa, shuka pauni 4.

Madhara ya uzito uliozidi hayaonekani siku hiyo hiyo. Baada ya miezi michache vidole hujizoesha kuachia kabla ya mkono kufika kidevuni, kwa sababu mwili unakimbia maumivu. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa huchukua muda mrefu kuliko ulivyochukua kujifunza mwanzo. Tunawaomba wanaoanza, kwa moyo wote: puuzeni vijembe vya wanaovuta pauni 45.

Anayelenga kuwinda nje ya nchi atahitaji pauni 40 au zaidi kwa mnyama wa ukubwa wa swala, na majimbo mengi ya Marekani yameweka kiwango cha chini karibu na hapo. Atafika kwa kupanda pauni 2 hadi 4 kila mara, akibadilisha mabawa, yaani sehemu mbili za upinde zinazopinda. Mwindaji asiyeweza kushikilia upinde wake hujeruhi mnyama na kumpoteza kichakani, na hakuna anayestahili kuingia porini kabla ya kulivuka hilo.

Ukitilia shaka uzito ulioandikwa, nunua mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia masanduku ya safari. Ning'iniza ugwe kwenye ndoano, vuta hadi urefu wako wa mvuto, soma kilo, zidisha kwa 2.2. Pinde za mkono wa pili mara nyingi hutofautiana na lebo.

Hatua ya 5: Chagua aina

Kwa wengi walioko Nairobi jibu letu ni moja: upinde wa rikavu unaofunguka vipande vitatu. Una kishikio cha kati na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu au kwa mfumo wa ILF. Ncha za mabawa zimepinda kuelekea mbele, ndiyo maana hutunza nguvu zaidi ya upinde ulionyooka. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba uzito ukikutosha unabadilisha mabawa peke yake na kubaki na kishikio kile kile. Hauhitaji mashine kuutengeneza, ugwe unaubadilisha mwenyewe, na ukivunjwa unaingia kwenye mkoba wa mgongoni.

Ukiweza kuongeza pesa kidogo, chukua ILF. Ni kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi, hivyo mabawa ya kampuni moja hukaa kwenye kishikio cha nyingine. Pinde za skrubu za mbao, kama Samick Sage na zinazofanana nayo, ni nzuri na za bei ya chini, lakini mabawa yake huhitaji kishikio cha aina yake.

Kompaundi ni ule wenye magurudumu na nyaya. Ukifika mwisho wa mvuto, magurudumu hukupunguzia mzigo kwa asilimia 65 hadi 85. Upinde wa pauni 50 wenye punguzo la asilimia 80 unaushikilia kwa pauni 10 tu. Hulenga kwa usahihi mkubwa na ndio unaopendwa na wawindaji. Tatizo ni matunzo. Kubadilisha ugwe au nyaya kunataka mashine ya kubana mabawa, na urefu wa mvuto hufungwa kwenye magurudumu, kwa hiyo usiokutosha hautakutosha kamwe usiporekebishwa. Ukiamua kununua kompaundi, kwanza tafuta ni nani hapa mjini ana mashine hiyo na yuko tayari kukuhudumia. Ukikosa jibu, subiri. Chagua pia ile inayorekebishwa kwa upana, kuanzia chini ya pauni 20 hadi 60 au zaidi, ili ukue nayo.

Upinde mrefu wa jadi, wa mti mmoja au wa mbao zilizobandikwa, ni mzuri na una historia yetu ndani yake: Wakamba, Wagiriama na Wawaata wa Tsavo walikuwa mabingwa wa mata na mishale, na pinde za Wawaata zilisifika kwa ugumu wake. Ila kwa anayeanza haubadilishiki uzito na haukusamehe makosa. Uwe wa pili.

Pinde zinazouzwa Maasai Market ni mapambo. Usizivute. Mti haukukaushwa kwa kazi hiyo na hupasuka usoni. Na ukikuta mishale ya zamani yenye kitu cheusi kilichoganda karibu na chembe (ncha ya mshale), usiiguse wala usiinunulie mtoto: sumu ya msunguti hushika moyo, na ikiwa imehifadhiwa pakavu hubaki na nguvu kwa miaka.

Hatua ya 6: Linganisha urefu wa upinde na mvuto wako

Upinde mfupi kwa mtu mwenye mikono mirefu huunda pembe kali kwenye ugwe na kubana vidole. Mrefu kwa mtu mfupi haufunguki vya kutosha na mshale huenda polepole. Kwa rikavu ya shabaha:

- mvuto chini ya inchi 24: upinde wa inchi 62 hadi 64
- inchi 24 hadi 26: 64 hadi 66
- inchi 26 hadi 28: 66 hadi 68
- inchi 28 hadi 30: 68 hadi 70
- zaidi ya 30: 70 na kuendelea

Pinde za mtindo wa kuwindia huwa fupi, inchi 58 hadi 62, ili zipite kwenye vichaka. Uwanjani ufupi huo hauna faida.

Ugwe ununuliwe kwa urefu wa upinde ulioandikwa, na kwa nyuzi zinazofaa. Upinde wa bei ya chini ambao ncha zake hazikuimarishwa utumie Dacron. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka huenda zikachana ncha hizo.

Hatua ya 7: Mishale, na hapa usibane pesa

Tukilazimika kuchagua, tunampa anayeanza upinde wa kawaida na mishale inayomfaa. Upinde ghali wenye mishale mibaya hautampeleka popote.

Jambo la kwanza ni ugumu wa wano, yaani kijiti cha mshale. Mshale ukiachiwa hupinda na kuukwepa upinde kama nyoka kabla ya kunyooka. Mgumu kupita kiasi haupindi vya kutosha. Mlaini hupinda mno. Namba iliyoandikwa kwenye wano ni kiasi cha kupinda kwake, kwa maelfu ya inchi, linapowekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kutundikwa uzito wa pauni 1.94 katikati. Wano la 500 hupinda nusu inchi. Kwa hiyo namba kubwa ni laini, ndogo ni ngumu; wengi huisoma kinyume.

Kwa mshale wa inchi 28 hivi, anzia hapa: rikavu ya pauni 20 hadi 26, wano la 900 hadi 1000, pauni 30 hadi 35, 700 hadi 800, pauni 40 hadi 45, 500 hadi 600. Kompaundi ya pauni 60, 400. Thibitisha kwenye jedwali la mtengenezaji, na kwa rikavu tumia uzito unaoushikilia wewe, si ule wa lebo.

Urefu wa mshale uzidi mvuto wako kwa inchi 1 hadi 2. Anayeanza aache 2, kwani mvuto wake bado unakua. Mshale mfupi ni hatari ya kweli: ukiuvuta hadi chembe irudi nyuma ya kishikio, ukiachia unaingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Uzito nao una kiwango cha chini. Mshale mwepesi mno haunyonyi nguvu ya upinde, na nguvu iliyobaki huyarudia mabawa. Kompaundi nyingi hutaka angalau greni 5 kwa kila pauni. Kwa rikavu tunashauri 8. Upinde wa pauni 30 hivyo unataka mshale wa greni 240, karibu gramu 15 na nusu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Kwa sababu hiyo hiyo usiachie kamwe ugwe usiokuwa na mshale. Mara moja tu inatosha kupasua bawa, na kwenye kompaundi nyaya huweza kuruka.

Mawano ya faibaglasi ni mazito na huvumilia. Yanafaa watoto na pinde za chini ya pauni 20. Alumini hutoka sawa kwa vipimo lakini hupinda ikigonga mbao. Kaboni hubaki imenyooka hadi siku inapopasuka, na mpasuko wake huingia mkononi kama sindano. Kila kabla ya kulenga, shika wano la kaboni pande zote mbili, lipinde kidogo likielekea mbali nawe, lizungushe, lipinde tena. Likitoa sauti ya kukwaruza, livunje vipande viwili ili asije mtu akaliokota, kisha litupe.

Nunua dazeni moja inayofanana kabisa. Sita zitapotea au kuvunjika ndani ya miezi ya mwanzo. Kama mshale utakaa juu ya kishikio chenyewe, uwe na manyoya ya ndege, kwa kuwa plastiki hugonga na kuruka. Kukiwa na kiegemeo cha mshale, plastiki ni sawa.

Baadaye, mishale yako ikianza kukusanyika pamoja kwenye mita 15, ondoa manyoya ya mmoja na uulenge pamoja na mingine. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, usio na manyoya ukienda kulia ya wenzake, wano ni laini: punguza uzito wa chembe, au likate kidogo ikiwa bado ni refu. Ukienda kushoto, ni gumu: weka chembe nzito zaidi.

Hatua ya 8: Vifaa vidogo

Kikingio cha mkono, kikingio cha vidole cha ngozi, podo la kubebea mishale, kamba ya kufungia ugwe, na nta ya ugwe. Usiruke kamba ya kufungia. Kuupinda upinde kwa goti huyasokota mabawa, na bawa lililosokotwa ni vigumu kulinyoosha. Vingine vyote, vizani vya mbele, dira ya kulengea, visubiri.

Hatua ya 9: Kagua wa mkono wa pili

Funga ugwe, geuza upinde uutazame kwa urefu wake kutoka ncha moja. Ugwe upite katikati ya kishikio na katikati ya mabawa yote mawili. Ukiegemea upande kwenye bawa moja, bawa limesokotwa, acha.

Pitisha pamba juu ya mabawa, mbele, nyuma na kwenye kingo. Ikinasa, kuna ufa au uzi wa faibaglasi ulioinuka. Mistari myembamba inayofuata urefu wa bawa ndani ya rangi mara nyingi ni ya juu tu. Mstari unaokata bawa kwa upana ni ufa. Angalia tundu za skrubu na shingo ya kishikio, hasa kama ni cha mbao. Kwenye kompaundi tazama meno ya magurudumu, nyuzi zilizochanika, na uulize kama uliwahi kuachiwa bila mshale. Muuzaji akisita kujibu, umejibiwa.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 16. Waandikie Forodha kabla ya kulipa, ueleze ni kifaa cha michezo, na uhifadhi jibu lao pamoja na risiti.

Hatua ya 10: Uweke tayari, na upate mahali

Ukishafunga ugwe, pima kutoka ugwe hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio. Upinde wa inchi 68 uwe kati ya inchi 8 na nusu na 9. Wa 62, kati ya 7 na nusu na 8 na robo. Ukiwa chini, vua upande mmoja, usokote ugwe mizunguko michache, urudishe. Ukipiga kelele kubwa au kukuchapa mkono, mara nyingi kimo hicho kiko chini.

Shabaha ya nyumbani hutengenezwa vizuri kwa gunia la kilo 90 na matambara ya mitumba. Ng'oa zipu, vifungo na vyuma vyote, kwa sababu mshale ukikutana na zipu hukatika. Shindilia kwa miguu hadi gunia lisimame lenyewe, unene usipungue sentimita 40. Marobota ya nyasi yaliyobanwa kwa mikanda nayo hufaa. Vyembe viwe vya mazoezi vilivyochongoka tu. Zile zenye makali ya wembe hukata gunia siku ya kwanza.

Ploti ya futi 50 kwa 100 mjini haitoshi kulenga mbali. Upinde wa kawaida hurusha mshale zaidi ya mita 150, na nyuma ya ua wako kuna jirani anayeanika nguo. Nyumbani fanya zoezi moja: mita 3 kutoka kwenye gunia lililoegemezwa ukuta wa mawe, macho ukiyafumba unapovuta, ukiusikiliza mgongo. Umbali uufanyie klabuni.

Njiani, upinde uwe umevuliwa ugwe ndani ya mkoba, mishale ndani ya mrija uliofungwa. Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu, na abiria kwenye matatu hawajui kwamba unatoka mazoezini. Beba kadi ya klabu. Usiuache kwenye gari lililofungwa juani, maana gundi ya mabawa hulegea. Nyumbani uning'inize au uulaze bapa, usiuegemeze kwenye kona.

Baada ya miezi mitatu au minne, rudia lile jaribio la sekunde 15, safari hii mwishoni mwa mazoezi, mishale 100 ikiwa tayari imekwenda. Ukilipita bila kutetemeka, agiza mabawa yaliyozidi kwa pauni 4, na uyatunze yale mepesi: ndiyo utakayoyarudia siku umbo lako litakapoharibika, na ndiyo utakayompa mwenzako anayetaka kujaribu.